Karatasi, Kioo na Chatu wa Malampaka

Jumatatu, 16 Juni 2025

Kikao cha Chama cha Wasomaji wa Bariadi. Tulihudhuria kumi na mmoja, wawili wakiwa wamelala. Ajenda ilikuwa moja: jarida letu, Kisima, liendelee kuchapwa kwenye karatasi au lihamie kwenye simu. Chama hakiwezi kubeba yote mawili. Mwenyekiti ni Mama Felisita, ambaye alinifundisha darasa la tano na mpaka leo hajamaliza. Akasema tujadili kwa utulivu. Mimi ni mhariri wa Kisima kwa mwaka wa kumi na nne sasa. Utulivu si idara yangu.

Nilizungumza dakika arobaini. Nilisema karatasi haiombi chaji. Haiombi bando. Haikatizwi katikati ya sentensi na mtu anayepiga kuuliza kama mbuzi wake ameonekana. Nilisema anayesoma kwenye kioo anasoma kwa kidole, na kidole hakina akili. Nikarudi nyuma kwenye historia. Mmoja wa waliolala aliamka, akasikiliza kidogo, akarudi alikotoka.

Halafu Shifa akaomba dakika tatu. Huyu ni binti wa mzee Imrani mwenye duka la simu na steshenari karibu na stendi. Ana miaka ishirini na saba na amerudi na digrii. Alisema nakala mia mbili tunazochapa haziendi popote, nusu yake ziko chini ya kitanda cha mhariri. (Uongo. Ziko stoo.) Alisema mkulima wa Migato hana duka la vitabu lakini ana simu. Kisha akanigeukia, akasema shikamoo Mwalimu, ni wewe uliyenifanya nipende kusoma. Akaketi. Alitumia dakika mbili. Sijawahi kupigwa pigo chafu kama lile.

Kura zikawa nne kwa nne. Wawili usingizini. Mwenyekiti hapigi.

Hapo nikasimama tena. Nikasema sisi ni Wasukuma, mambo makubwa hatuyaamui kwa vikaratasi vya kura. Mama Felisita akauliza kama huyu ndiye mtetezi wa karatasi. Nikapandisha sauti. Nikasema Bagika na Bagalu, vyama vyetu viwili vya ngoma, wakigombea, kila upande unapiga ngoma yake, uwanja mmoja, saa moja, na watu wanakwenda kwa miguu yao kwenye ngoma tamu. Wenye watu wengi wameshinda. Basi karatasi isimame upande huu, kioo upande ule, tuone.

Walipiga makofi, hata waliolala. Mama Felisita akaandika: Jumamosi, uwanja wa mnada, saa nane mpaka saa kumi. Filimbi ikilia tunahesabu. Atakayeshindwa anakoma, hakuna rufaa.

Nilikuwa nimefika mlangoni nilipokumbuka kwamba sina ngoma.

Jumanne, 17 Juni

Nimekwenda dukani kwa mzee Imrani kupeleleza. Nilisingizia kununua pini za stepla. Shifa akanipa kiti, akaniletea chai ya tangawizi, akauliza hali ya mke wangu, Mama Anatoli. Adui anayekupa chai ni adui aliyejiandaa.

Akanionyesha makala yangu "Kidole Hakina Akili." Ni ya toleo lijalo, bado haijachapwa. Mwenyekiti alimwagiza aiweke kwenye simu kama majaribio. Nilitaka kukasirika. Nikaona jina langu limekaa juu kwa herufi nene, nikaahirisha.

Akasema imefunguliwa na watu mia tatu na kumi na wawili. Nikageuka kutazama kalenda ukutani asije akauona uso wangu. Kisima haijawahi kufikisha wasomaji mia tatu, hata ukijumlisha na waliofungiwa karanga.

Nikafanya kosa. Nikauliza wanasemaje. Akasema, kwa sauti ya muuguzi, kwamba wengi wanaishia aya ya pili. Nikamuuliza amejuaje. Akasema kioo kinaonyesha kila mtu amesoma mpaka wapi. Makala ina aya kumi na tisa. Waliofika mwisho: mmoja.

"Ila huyo mmoja, Mwalimu, ameisoma mara tatu," akasema, kama anayenipa pole.

Nikauliza ni nani. Kioo hakitaji majina, kinataja wilaya. Yuko hapa hapa Bariadi.

Nimerudi nyumbani kwa miguu, nikitafakari. Sasa naelewa ninachopigania. Karatasi inajua kutunza siri. Miaka yote nimeandika bila kujua nani ameishia wapi, na nimelala vizuri. Kioo ni mmbea. Kinakaa mlangoni kwa msomaji, kinamwona anavyotoka, halafu kinakuja mbio kukuambia.

Nilimsimulia mke wangu. Veronica alikuwa anashona sare za kwaya, simu yake mpya ameiegesha kwenye cherehani. Hakuinua kichwa. Akasema labda tatizo ni aya ya tatu mpaka ya saba, pale ninapogombana na watu waliokwisha kufa. Nikamwambia mtu asihukumu kitu ambacho hajakisoma.

Akasema sawa, Baba Anatoli.

Jumatano, 18 Juni

Malampaka. Nimeondoka na gari la asubuhi mpaka Maswa, kisha pikipiki. Nimemfuata Malimi, tuliyesoma naye. Yeye aliacha shule darasa la sita, leo ni manju anayecheza na nyoka, na watu wanamfuata mpaka Shinyanga. Mimi nilimaliza chuo, na watu wanaishia aya ya pili.

Nilimkuta nyuma ya stesheni ya reli anaanika njuga. Tukasalimiana, mwadila, mhola, watoto, mvua, pamba. Salamu zilikula nusu saa. Kisha nikaeleza shida yangu.

Alicheka kwa heshima. Akasema, Deo, umeandika miaka yote hiyo kwamba ngoma za nyoka zinawapotezea watu muda. Nikasema niliandika kwa ujumla. Akasema sehemu ile ilikuwa na jina lake. Nikasema lilikuwa kosa la uchapaji.

Anaye chatu mmoja wa kutegemewa, jike, urefu wa mita nne. Wakicheza, chatu anapanda begani, anazunguka kiuno, ananyoosha kichwa juu ya watu kama anayewahesabu. Malimi anasema hajawahi kushindwa akiwa na chatu yule. Upande mwingine hubaki na wapiga ngoma wake peke yao, na hao nao huchungulia.

Hataki malipo. Anataka picha yake kwenye jalada la Kisima, ukurasa mzima, aione mama yake kabla hajafa. Tangu toleo la kwanza sijawahi kuweka mtu kwenye jalada. Huwa naweka kisima. Msimamo huo nimeutetea mbele ya watu wazito.

Nimekubali.

Alhamisi, 19 Juni

Nimeingia stoo kutoa matoleo ya zamani nipambe nayo meza yangu. Hoja yangu kuu ya Jumamosi ni kwamba karatasi inadumu. Simu ya mwaka juzi leo ni takataka, lakini toleo la kwanza la Kisima lipo, limesimama.

Kusimama limesimama. Nililishika, likawa jepesi kama jani la muhogo. Mchwa wamepita. Wameanza ndani, kwa mpangilio, wakala mashairi, tahariri, barua za wasomaji, wakaacha majalada. Toleo la kwanza mpaka la ishirini na saba. Lazima nikiri kwamba wao walifika mwisho.

Nilikaa juu ya debe la alizeti, nikayahesabu majalada.

Kisha nikapata wazo. Nimenunua rimu moja ya karatasi nyeupe, kwenye duka lisilo la mzee Imrani. Nimezikunja, nimezibana kwa stepla ndani ya majalada yale, toleo moja baada ya jingine. Kwa mbali yanapendeza. Hakuna atakayeyafungua. Uzoefu wangu unanihakikishia hilo.

Jioni Shifa alipita nyumbani. Aliomba kuazima matoleo ya zamani ayapige picha yote, yahifadhiwe yasije yakapotea. Nilimwambia hayawezi kupotea. Akasema ndiyo Mwalimu. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwa namna ambayo stoo haionekani.

Ijumaa, 20 Juni

Malimi amewasili saa tatu asubuhi na tenga lenye mfuniko, nyuma ya pikipiki. Dereva alijua kilichomo walipofika Maswa, pale tenga liliposogea lenyewe. Anasema kuanzia hapo aliendesha amesimama.

Veronica aliuliza ndani kuna nini. Nilisema ni vifaa vya uchapaji. Tenga likapumua. Veronica akaingia chumbani, akatoka na begi, mashine ndogo ya kushonea na simu. Anakwenda Migato, kule Itilima, kwa dada yake mpaka mmoja wetu, mimi au yule, awe ameondoka. Hakusema angependelea nani. Akaniachia agizo moja: kuku wake mwekundu anataga, nimwangalie.

Tenga tumeliweka stoo. Malimi akasema mnyama asisumbuliwe, apumzike. Hakusema lingine. Akaondoka kwenda kumsalimia shangazi yake upande wa sokoni, akasema atalala huko.

Saa tisa alasiri nikabaki peke yangu na mgeni. Nikaketi uani. Nikaanza kujisikia vibaya. Huyu ametoka Malampaka, kilomita zote zile, juu ya pikipiki, kwa ajili yangu. Yumo ndani ya nyumba yangu. Hajapewa hata maji. Baba yangu alikuwa mkali na hakupenda watu, lakini sijawahi kuona mgeni aliyetoka mbali analala kwetu bila kuku. Hata mkaguzi wa kodi alikula kuku.

Tena kuna hoja ya kitaalamu. Mchezaji mwenye njaa atacheza kwa nguvu gani?

Niliangaza uani. Aliyekuwepo karibu alikuwa mwekundu. Nilimwangalia, kama nilivyoagizwa. Kisha nikainua mfuniko kidogo, nikamkaribisha ndani, nikafunga. Sikuchinja, maana mgeni mwenyewe hakuwa na haja ya huduma hiyo. Kulikuwa na purukushani fupi. Baadaye kimya cha mtu aliyeshiba.

Najisikia mwenye nyumba kamili. Kesho karatasi itashinda.

Jumamosi, 21 Juni

Nitaandika mambo kwa utaratibu wake.

Saa nane kamili. Upande wangu: turubai, meza, matoleo ishirini na saba yamesimama kwenye mstari, Malimi na njuga miguuni, ngoma mbili, tenga. Upande wa Shifa, hatua kama sitini: hema, runinga kubwa ya dukani, jenereta ya kimya kimya. Watazamaji wake walikuwa mzee Imrani na mtu mmoja aliyekuja kuchaji simu.

Saa nane na robo ngoma zikaanza. Watu wakaacha mnada. Waliacha ng'ombe, waliacha mitumba, mmoja aliacha supu. Mpaka saa nane na nusu upande wangu haukuwa na pa kukanyaga. Nilikadiria mia mbili na zaidi. Nikaanza kutunga kichwani hotuba ya ushindi, sehemu ya kumsamehe Shifa. Yeye alikuwa anamsomea yule mwenye chaji habari za viwavi wa pamba.

Malimi akaimba, akazunguka tenga mara tatu, akafungua. Watu wakaruka nyuma kwa pamoja, kama inavyotakiwa. Akaingiza mikono, akanyanyua kichwa cha chatu.

Kichwa kilikuja. Vingine vilikataa.

Akavuta. Shingo ikaja kidogo. Katikati ya mwili palikuwa na uvimbe wa mviringo, kama mtu aliyemeza kibuyu. Malimi akasimamisha ngoma. Akatazama uvimbe. Akanitazama mimi. Akauliza kwa Kisukuma, taratibu, mnyama huyu amekula nini.

Nikasema alikuwa mgeni.

Akaniuliza tena.

Nikasema, Malimi, ulitaka alale na njaa nyumbani kwangu?

Hapo akaweka kichwa cha chatu chini kama anayemlaza mtoto, akawageukia watu, akaeleza kwa sauti ili kila mtu asikie. Chatu akishakula hachezi. Analala. Wiki nzima. Wala habebwi, maana ukimbeba atatapika alichokula, au atachagua cha kuongezea. Akasema anacheza na nyoka mwaka wa ishirini na sita, amekwenda mikoa mitano, na hajawahi kumwonya mtu asimlishe chatu wake, kwa sababu haikuwahi kumjia kwamba yupo mtu wa kufanya hivyo.

Watu walicheka muda mrefu. Bibi mmoja akauliza kama kuku alikaangwa au alichemshwa. Mwingine akasema Mwalimu Mboje angempa na soda.

Lakini hawakuondoka, nataka hilo lieleweke. Walitaka kuuona uvimbe. Shida ilikuwa ukaribu. Wa mbele walitaka kurudi nyuma, wa nyuma hawakutaka kuwa mbele. Mama mmoja mwenye beseni kichwani alisema nyoka anayecheza unajua anafanya nini, huyu aliyenyamaza ana mpango. Maneno hayo yalifanya kazi kubwa kuliko makala zangu zote.

Ndipo akaja Shifa. Shikamoo Mwalimu, shikamoo baba. Akamwomba Malimi ruhusa ya kumwelekezea chatu simu. Malimi aliuliza kama na yeye ataonekana. Atakuwa jaladani, akasema Shifa, baada ya dakika kumi. Malimi alikubali kabla sijafumbua mdomo. Shifa akaisimamisha simu juu ya meza yangu, akaiegemeza kwenye Toleo Namba 1.

Chatu akatokea kwenye runinga upande wa pili wa uwanja, mkubwa kama basi, pamoja na uvimbe.

Watu wakaelewa mara moja. Chatu ni yule yule. Kwa hatua sitini hawezi kukufikia. Walihama wote. Walihama kwa heshima, wengine waliniaga. Kule unaweza kuona magamba, unaweza kuona anavyopumua. Kila baada ya muda mtu anapiga kelele kwamba amesogea. Hakuwa amesogea. Malimi naye akabeba ngoma akaenda, maana maisha yake yote hajawahi kumwona chatu wake kwa mbele.

Nikabaki na waliokuja kukaa kivulini, na Mama Felisita, ambaye alikuwa amevaa miwani na kufungua Toleo Namba 3. Alifungua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alisoma muda mrefu. Mwishowe akafunga na kusema, Mboje, hili ndilo toleo lako lenye makosa machache kuliko yote.

Nikaona nisikae pale. Nikavuka uwanja kwenda kulalamika rasmi kwamba chatu ni wangu, amelala upande wangu, na wanachotazama ni karatasi iliyoibwa. Nilipofika, nikatazama kidogo ili niwe na ushahidi. Anaonekana vizuri sana kule. Hata jicho.

Filimbi ikalia.

Kioo: mia mbili thelathini na mmoja. Karatasi: kumi na saba, na chatu. Nilimwomba Mama Felisita aniondoe kwenye ile mia mbili thelathini na mmoja. Akasema utaratibu niliuweka mwenyewe: tunahesabu miguu, hatuulizi mioyo.

Kisima ya karatasi imekoma. Toleo lililokuwa liende kiwandani linakwenda kwenye simu. Jalada lake tayari limetoka: Malimi, chatu, na nyuma yao, kwa mbali, mimi nimefungua mdomo.

Jumapili, 22 Juni

Malimi ameondoka asubuhi. Hana kinyongo. Dereva wa kwanza alimtuma mwenzake. Malimi ananunua simu, mama yake akaone jalada. Aliniambia chatu ameishi vizuri kwangu kuliko popote, na nisifanye tena.

Shifa alikuja baada ya adhuhuri. Anataka niandike safu yangu kila wiki kwenye Kisima ya simu, niite ninavyotaka, nigombane na ninayemtaka. Nikamwambia siwezi kuandika mahali ambapo msomaji anachunguzwa. Akasema nafasi itanisubiri. Binti huyu hana mpaka.

Veronica amerudi jioni. Alichungulia stoo kwanza. Kisha akazunguka uani, akahesabu kuku, akauliza mwekundu yuko wapi. Nikasema ukweli. Nikasema mgeni amemla.

Akadhani namsema Malimi. Alitafuta manyoya, akatafuta mifupa, hakuona kitu. Akasema hajawahi kuona mwanaume anayekula kuku mzima hata mfupa asiuache. Nikasema alikuwa na safari ndefu. Veronica akasimama na mkono kiunoni, akasema basi huyo ndiye yule mgeni anayekula mpaka akashiba na kuondoka bila kuuliza jina la mpishi.

Nilishtuka. Hiyo ni sentensi yangu. Ni ya mwisho kabisa katika "Kidole Hakina Akili," aya ya kumi na tisa, nikimwelezea msomaji wa kioo. Na haijachapwa kwenye karatasi yoyote.

Nimelitafakari jambo hili jioni yote. Jawabu ni moja tu: mawazo makubwa yakishaiva, yanazagaa hewani, hata watu wasiosoma wanayaokota.

Jumatatu, 23 Juni

Nimeandika barua kwa Mwenyekiti kudai marudiano. Kurasa sita. Nimeeleza kwamba ngoma zilipoanza watu walikuja kwenye karatasi, hivyo moyo wa umma uko kwenye karatasi. Nimeeleza kwamba walichokitazama kwenye kioo kilikuwa upande wangu, hivyo kioo kimekiri hakina kitu chake. Nimeonyesha kuwa kosa halikuwa la karatasi wala la mhariri. Kosa lilikuwa kuchagua mnyama mvivu.

Barua kwa mkono ingechukua siku tatu kuwafikia wanachama wote. Kwa sababu ya dharura nimempelekea Shifa aipige picha na kuiweka kwenye kundi lao la simu. Imefika kwa wote nikiwa bado nakunywa chai. Hili halibadilishi hoja.

Nikiwa pale nikamuuliza, kana kwamba sijali, kuhusu yule msomaji mmoja wa aya kumi na tisa. Akafungua. Akasema ni jambo la ajabu, Mwalimu. Ijumaa jioni aliisoma akiwa wilaya ya Itilima. Jumamosi pia, mara mbili, Itilima. Jana jioni amerudi Bariadi, akaisoma tena.

Mtu wa kusafiri wilaya hadi wilaya, mwenye muda wa kusoma. Bila shaka ni mtu mwenye cheo. Pengine ni afisa wa ngazi ya mkoa. Nimemwambia Veronica kwamba hatimaye yupo mtu mmoja anayenielewa, na kwamba laiti ningemjua ningemshukuru. Alikuwa anashona. Akasema huyo mtu pengine anataka tu aya ya tatu mpaka ya saba zipungue, na kuku wake.

Sikuelewa kuku ameingiaje. Ana huzuni bado.

Kesho naondoka na gari la kwanza kwenda Shishiyu. Nimesikia huko yuko mzee Mwandu anayecheza na nungunungu, mnyama aliye macho kabisa, hasinzii, na miiba ikisimama inasikika mbali. Nimetuma ujumbe kwa kitochi changu kwamba tukipatana aje naye mapema, walale kwetu, wapumzike.

Sijui nungunungu hula nini. Nimemwambia Veronica yule jogoo asimuuze.